Mizani Yenye Kumbukumbu

Mtaa wa Narung'ombe,
Kariakoo, Dar es Salaam
9 Februari 1995

Mwanangu Zarna,

Sitaanza na "mimi mzima, hofu ni kwako," maana wewe huko Baroda unakula, unalala na kusoma vitabu vyako vya umeme. Mwenye hofu ni mimi. Mizani yako imeingiwa na jini.

Usicheke. Unakumbuka ulivyoiunganisha kwenye karakana ya baba yako wakati wa likizo, mimi nikiwaletea chai, na mtaa mzima ukapanga foleni kuja kuona mizani yenye namba nyekundu ambayo haikutoka Dubai. Nilitamba sana. Nilimwambia kila aliyeingia dukani kuwa hii imetengenezwa na mtoto wetu, mtoto wa Mzee Tulsidas fundi mizani, hapahapa, milango miwili kutoka kwenye gunia hili la maharage. Sasa nalipia kutamba kwangu.

Upande wa pili wa ukuta Eliasi amefungua mashine ya kusaga. Siku hizi ni ruksa, kila mwenye ukuta ana biashara. Mashine ikianza kunguruma, namba yako haitulii. Wala haichezi harakaharaka kama mtu angetegemea. Inapanda taratibu, halafu inashuka taratibu, kama mtu aliyelala anavyovuta pumzi. Nimehesabu: moja mpaka sita, imepanda na kushuka. Umeme ukikatika, na unajua unavyokatika, mashine inanyamaza, na mizani yako kwa kuwa inakula betri ya gari inaendelea kuwaka, imetulia tuli. Umeme ukirudi, pumzi zinarudi.

Juzi Candida, yule mama lishe wa Buguruni anayebishana hata na bei ya chumvi, aliikodolea macho namba hiyo kisha akaniuliza anilipe ile ya juu au ile ya chini. Baba Brightness anasema turudishe mizani ya mawe, ile ya zamani. Nimekataa. Sirudi nyuma. Nimeshasema mbele za watu.

Baba yako anakuja kila asubuhi na vyuma vyake vya kukagulia mizani, anaitazama kama mgonjwa. Amesema tusikusumbue, una mitihani. Ndiyo maana nakusumbua mimi.

Wako,
Mama Brightness (Severa)


Baroda, India
27 Februari 1995

Mama Brightness, shikamoo.

Barua yako nimeisoma mara tatu, ya kwanza nikicheka, ya pili na ya tatu nikiwa na kalamu mkononi. Jini huyo nitamtoa. Mwambie Baba Brightness mawe yabaki kabatini.

Nikueleze mizani inavyofanya kazi, uweze kuwajibu wanaouliza. Haina jicho, lakini ni kama inatazama mzigo mara kumi kila sekunde, na kila ikitazama inaandika namba. Sakafu ikitikiswa na mashine ya Eliasi, namba nyingine inakuwa kubwa mno na nyingine ndogo mno. Kwa hiyo ndani ya chipu, yaani ubongo wake mdogo, nimeweka hesabu inayoitwa kichujio. Inachukua namba kadhaa zilizopita, inazijumlisha, inazigawanya, na kukuonyesha wastani. Zilizozidi zinazifuta zilizopungua, unabaki na uzito wenyewe. Ni kama chekeche, linaachia unga na kuzuia pumba. Tofauti ni kwamba chekeche unachagua matundu kwa macho, mimi nachagua kwa hesabu.

Mara ya kwanza nilichukua namba chache tu. Lakini wewe umenihesabia: pumzi moja inachukua mpaka sita. Basi nimefanya kichujio kipya kinachobeba sekunde sita nzima, namba sitini, ili kila pumzi ijumlishwe yote, kupanda na kushuka, ifutike. Chipu iko ndani ya kiboksi cha kiberiti kwenye bahasha hii. Baba ataibadilisha. Asiishike karibu na chai.

Ina kasoro moja. Itakuwa nzito kidogo kuamka. Ukishaweka mzigo, subiri mpaka namba isimame kabisa, ndipo unyanyue sahani. Tafadhali mkumbushe na Baba Brightness.

Sitaki mizani yenye jina la Baba isemwe vibaya Kariakoo. Ikishindikana na hii nitatuma nyingine, na nyingine.

Mwanao,
Zarna


Kariakoo
2 Aprili 1995

Mwanangu Zarna,

Jini ametoka. Baba yako alibadilisha kijidude chako chenye miguu mingi, Eliasi akawasha mashine makusudi, tukasimama wote kama watu wanaosubiri matokeo ya mpira. Namba ikaja taratibu, ikasimama, haikutikisika. Mzee Tulsidas akaweka chuma cha kilo, ikasoma kilo. Akaweka cha nusu, ikasoma nusu. Akavua miwani akaifuta, akasema vumbi limezidi hapa dukani. Vumbi gani, mwanangu. Mzee alikuwa analia.

Masika yameanza kwa nguvu. Jangwani kumejaa maji, wateja wa Magomeni wanafika wamekunja suruali mpaka magotini na bado wanataka kupunguziwa bei. Biashara si mbaya. Jumanne na Alhamisi nakwenda Tandale kuchukua mzigo, Baba Brightness anabaki dukani.

Kusubiri namba isimame tunasubiri, usijali.

Baba Brightness anakusalimu. Anasema ukimaliza masomo umtengenezee mizani ya kupima maneno ya mke wake. Nimemwambia hiyo itavunjika siku ya kwanza.

Wako,
Mama Brightness


Baroda
20 Aprili 1995

Mama Brightness, shikamoo.

Nimefurahi mpaka nimewasomea barua zako wenzangu wa bweni, nikiwatafsiria. Sasa wote wanamjua Candida.

Mwalimu wangu ameisikia habari ya mizani, na ameniruhusu iwe kazi yangu ya mwisho ya shahada. Nitaichora yote, nieleze kwa nini kichujio kile na si kingine. Kwa hiyo nakuomba vitu viwili. Kwanza, muulize Eliasi mashine yake inazunguka mara ngapi kwa dakika. Kuna kibati kwenye mota, halafu apige hesabu ya magurudumu ya mkanda, yeye anajua. Pili, niandikie kila kitu mnachokiona kwenye mizani, hata kama ni kidogo, hata kama ni kero.

Kwa nini Baba Brightness hakuongeza mstari wake chini ya barua kama zamani? Mwambie nimenuna.

Mwanao,
Zarna


Kariakoo
14 Mei 1995

Zarna,

Eliasi anasema jiwe la kusagia linazunguka mara mia sita na kumi kwa dakika.

Mizani ni nzima. Baba yako ameipima tena na vyuma, mara mbili, mbele yangu. Chuma hakidanganyi. Huna haja ya kuwa na wasiwasi nayo, iandike hivyo kwenye kazi yako.

Baba Brightness yuko nyumbani Magomeni, anapumzika. Hajambo. Dukani niko peke yangu, ndiyo sababu naandika kwa kifupi.

Soma kwa bidii, mwanangu. Maswali mengine si ya kuuliza kwa barua.

Severa


Magomeni
21 Mei 1995

Binti yangu Zarna,

Pokea salamu zangu kwa heshima. Hii ni mara ya kwanza kukuandikia bila mke wangu kukaa pembeni akinisahihisha. Hajui kwamba nakuandikia, na nakuomba usimwambie.

Binti, naitwa mwizi.

Mwezi uliopita Candida alinunua maharage kwangu, akayapima tena kwa jirani yake Buguruni, akayakuta pungufu. Aliponunua tena kwangu, yakawa pungufu tena. Aliponunua kwa Severa, yakazidi. Ndipo akaja akayasema yote dukani mbele ya watu, na unaijua sauti yake. Severa akamwita baba yako. Mzee Tulsidas akaja na vyuma vyake, akaviweka kimoja kimoja, kila kimoja kikasoma sawasawa. Akasema kwa huzuni kwamba mizani haina kosa. Naye hakuwa na nia mbaya, alisema alichokiona.

Severa alingoja wateja watoke. Halafu akaniambia, "Mizani ni moja, maharage ni yaleyale. Kilichobaki ni wewe."

Tangu siku hiyo sijakanyaga dukani. Nimeacha na uenyekiti wa jumuiya yetu ya kanisa hapa mtaani, kwa kuwa siwezi kuwaongoza watu kusali huku wananong'onezana. Nimekwenda hata kuungama. Padri akaniuliza nimeiba nini, nikamwambia sijui.

Kupima ni kazi yangu tangu ujana. Kule kwetu Kibosho, Uchagani, nilikuwa mpimaji wa kahawa kwenye chama cha ushirika. Tulifundishwa hivi: jaza kwanza, kisha punguza mpaka ifike, na ikifika tu unyanyue, maana foleni ni ndefu. Ndivyo nifanyavyo hadi leo. Severa hunitania kwa hilo. Yeye huweka kidogo, kisha huongeza na kuongeza, anasema mteja wa Kariakoo moyo wake unatulia akiona anaongezewa, na ukimpunguzia mbele ya macho yake anaona umemnyang'anya. Kila mtu na mkono wake. Sikudhani mkono unaweza kumtia mtu aibu.

Swali langu ni moja. Mashine uliyoitengeneza inaweza kusema kweli kwa chuma, ikasema uongo kwangu? Kama haiwezi, niambie bila kunionea haya, nijue kwamba uzee umeniingia na sioni ninachofanya. Mwisho wa mwezi wa sita nitarudi Kibosho nikakae na migomba. Sitaki mke wangu aendelee kuaibika kwa ajili yangu.

Ni mimi,
Gaudens Massawe


Baroda
6 Juni 1995

Baba Brightness, shikamoo.

Barua hii nimemtumia Baba akukabidhi mkononi.

Inaweza. Usiende Kibosho. Wewe si mwizi, wala uzee haujakuingia. Kosa ni langu.

Niliposoma mahali ulipoandika "jaza, kisha punguza," nilisimama katikati ya chumba. Nikaenda maabara, nikachukua ubao wa saketi kama ule wa mizani, kichujio kile kile, nikamwaga dengu kwenye sahani na kuzipunguza kwa haraka kama unavyofanya wewe. Zilisoma kilo. Nikazinyanyua, nikazipima kwingine. Hazikuwa kilo.

Mizani ile ina kumbukumbu, na kumbukumbu nimeipa mimi. Namba unayoiona si ya sasa hivi, ni wastani wa sekunde sita zilizopita. Ukijaza sahani halafu ukaanza kupunguza, lile rundo la mwanzo bado limo kwenye hesabu. Mizani inakuonyesha kikubwa kuliko kilichopo, wewe unaendelea kupunguza ukiiamini, na ikigonga kilo, kwenye sahani kuna chini ya kilo. Mama Brightness akianza na kidogo, kile kidogo ndicho kimo kwenye kumbukumbu. Inamwonyesha pungufu, anaongeza, anampa mteja zaidi. Chuma cha Baba kinakaa kimya sekunde zote, ndiyo maana kinasoma sawa. Laiti mngekuwa mnasubiri namba isimame, nyote wawili mngepima sawa. Lakini mizani inayomtaka mtu wa Kariakoo asubiri, mwenye watu kumi mbele yake, ni mizani iliyotengenezwa vibaya.

Samahani sana, Baba. Nimelia, lakini kulia hakukurudishii jina. Nitakurudishia.

Namwandikia Mama Brightness leo hii hii. Sitakutaja. Sitamwambia hata yote niliyokueleza hapa, maana akiyasikia kwangu atasema nakutetea. Nataka aone kwa mikono yake mwenyewe.

Mwanao,
Zarna


Baroda
6 Juni 1995

Mama Brightness, shikamoo.

Ulisema maswali mengine si ya kuuliza kwa barua. Mimi sina njia nyingine, kwa hiyo nauliza, na nakuomba usinikasirikie mpaka ufike mwisho.

Namba ya Eliasi imeniumbua. Nilimpelekea mwalimu michoro yangu, nikijisifu jinsi nilivyoifuta pumzi ya sekunde sita. Akaniuliza mashine inazunguka mara ngapi. Nikasema mia sita na kumi kwa dakika. Akaniuliza mizani inatazama mara ngapi. Mara kumi kwa sekunde, yaani mia sita kwa dakika. Akanitazama, nami nikaelewa pale pale na nikatamani ardhi inimeze.

Sakafu yako haipumui, Mama. Inatetemeka upesi, zaidi kidogo ya mara kumi kwa sekunde. Lakini mizani inaitazama mara kumi tu. Ni kama umchungulie mtoto kwenye bembea, na kila ukichungulia unamkuta karibu palepale ulipomwacha, amesogea kidogo tu. Utaapa kwamba bembea inakwenda polepole sana, kumbe kati ya kuchungulia na kuchungulia imeshakwenda na kurudi. Ile pumzi tuliyoihesabu wewe na mimi haikuwepo duniani. Ilizaliwa na kutazama kwetu kwa nadra. Na mimi, badala ya kutazama zaidi, nikajenga kichujio kirefu cha kufuta kitu ambacho hakipo, nikaifanya mizani iwe nzito kama mtu aliyekula ugali wa jana.

Nimeanza upya. Mpya itatazama mara mia kila sekunde. Ikitazama hivyo, mtetemo inauona ulivyo, na kuufuta ni kazi ya sehemu ya sekunde tu. Nimeweka vichujio viwili vifupi, kimoja nyuma ya kingine, vyenye urefu tofauti kidogo, ili hata umeme ukiwa mdogo na mashine ya Eliasi ikazunguka kivivu, mtetemo usipenye. Binamu yangu Megha anakuja Dar mwezi wa saba mwishoni. Ataleta.

Sasa swali langu. Uliniandikia kwamba mnasubiri namba isimame. Kweli mnasubiri?

Barua zako, Mama, zimechujwa. Unaniandikia kilichotulia, unaniondolea kilichosumbua. Najua ni kwa mapenzi. Lakini mimi nahitaji makelele yote. Kuchuja ni kazi yangu, niachie.

Kabla chipu haijafika, nifanyie jambo moja. Toa ile mizani ya mawe kabatini, iweke pembeni. Pima kilo kama unavyopima siku zote, kwa kuongeza, kwa mwendo wenu wa kawaida dukani, bila kuikawiza. Ikifika tu, nyanyua, kapime kwenye mawe. Halafu jaza sahani, upime kilo kwa kupunguza, mwendo ule ule, kapime kwenye mawe. Fanya wewe mwenyewe, kwa mkono wako. Na Candida awepo.

Mwanao,
Zarna


Kariakoo
29 Juni 1995

Mwanangu Zarna,

Nimekasirika, nimelia, nimeomba msamaha, sasa naandika. Makelele umeyataka, pokea makelele.

Barua yako niliisoma nikaitupa juu ya gunia. Nikasema mtoto niliyemfuta kamasi leo ananifundisha kupima. Ikalala hapo siku nzima. Kesho yake Candida akaja kuchukua maharage, akaiona mizani ya mawe juu ya meza. Nilikuwa nimekwisha itoa, sijui kwa nini, mkono ulinituma. Nikamwambia kaa. Nikamwita na baba yako. Eliasi naye akaja na unga wake mpaka kwenye nyusi, umbea hauna mlango.

Nikapima kwa kuongeza, kama kawaida yangu. Kilo. Nikapeleka kwenye mawe, maharage yakalizidi jiwe. Candida akacheka, akasema ndiyo maana anapenda kununua kwangu.

Nikajaza sahani. Nikapunguza. Nilijua moyoni kwamba nitapata sawa, maana mimi si mwizi, na nilitaka wote waone hivyo, na wewe nikuandikie kwamba umekosea. Namba ikafika kilo, nikanyanyua, nikamwaga kwenye mawe. Jiwe likashuka, maharage yakapanda juu. Nikarudia. Yakapanda. Nikarudia tena mpaka baba yako akanishika mkono.

Candida hakupiga kelele safari hii. Alisema polepole, "Basi na wewe ni mwizi, Mama Brightness."

Zarna, sahani niliiacha mezani. Nikakaa juu ya gunia. Sikukuandikia habari hii, na sasa nakuandikia: nilimwita mume wangu mwizi. Nilimfukuza dukani. Alikuwa anapika chai nyumbani asubuhi, ananiwekea mezani, nami nilikuwa naiacha ipoe. Wiki nyingi, mwanangu.

Na kusubiri nilikudanganya. Hatukusubiri hata siku moja. Nani wa kusubiri Kariakoo? Mteja akisubiri kidogo tu anahamia duka la pili. Niliona nikikwambia utakata tamaa, na baba yako ataona mizani yake imeshindwa.

Nilifunga duka mchana kweupe. Kwetu Uchagani mtu akimkosea mwenzake kosa zito, anamletea jani la isale lililofungwa fundo. Mwenye kuletewa hana ruhusa ya kukataa msamaha, hata kama ulimchomea nyumba. Hapa Dar utalipata wapi? Nilizunguka Magomeni yote, mpaka nikamkuta Mchaga mmoja wa Rombo ameyapanda kwenye ua wake. Akanitazama, akanikatia.

Nilimkuta Baba Brightness anakunja mashati yake. Begi liko wazi kitandani. Sikujua habari ya kuondoka, nimeijua pale. Nikapiga magoti nikamnyooshea jani. Aliweka shati chini. Halafu akaniuliza, "Severa, miaka yote hii, uliamini kipande cha chuma kuliko mimi?"

Sikutafuta maneno mazuri. Nilimwambia ndiyo, niliamini chuma. Akalichukua jani. Akasema amelipokea kwa sababu ni isale, na kwamba moyo utakuja nyuma yake ukiwa tayari, nisiusukume. Nimekubali. Jumapili nilisimama kwenye jumuiya nikawaambia watu wote kwamba mume wangu hakuiba, nimeyapima mwenyewe. Wengine waliinamisha vichwa. Waliyoyanong'ona wanayajua.

Mizani yako nimeifunika gunia, tunatumia mawe. Sijaitupa, na sitaitupa. Lete chipu. Ikifika nitaijaribu kwa mkono wangu, kwa mkono wake, kwa mkono wa Eliasi na wa kila mpita njia, kwa maharage mabichi na makavu, mashine ikiwaka na ikizimwa, na nitakuandikia yote, hata yatakayokuumiza.

Najua aliyekuandikia kabla yangu. Sijamuuliza.

Wako,
Severa


Dukani, Kariakoo
13 Agosti 1995

Binti yangu Zarna,

Nakuandikia nikiwa nimekaa nyuma ya meza ya duka. Severa yuko hapa, lakini amesema hatanisahihisha.

Megha alifika salama. Baba yako aliweka chipu mpya siku ile ile. Eliasi aliwasha mashine, akatia mahindi, jengo zima likatetemeka. Namba ikaja papo hapo na kukaa. Hatukuridhika. Severa alipima kwa kuongeza, mimi kwa kupunguza, harakaharaka, kama watu wenye foleni mpaka barabarani, na kila mara tulipeleka kwenye mawe. Yalilingana. Tukabadilishana mikono, yakalingana. Mzee Tulsidas alitaka kuleta vyuma vyake, kisha akavirudisha kwenye mfuko wake. Akasema kuanzia sasa mizani yoyote atakayoitengeneza ataipima na maharage kwanza.

Kuna jambo moja ambalo Severa amenitaka nikuandikie, kwa kuwa ameahidi kukupa na yanayouma. Mashine ya Eliasi inapoanza kuzunguka na inapozimwa, kwa kitambo kidogo namba inatikisika. Kisha inatulia. Tunakuachia.

Kibosho sikwenda. Barua yako ilinifikia baada ya lile jani. Nimekuwa dukani tangu wiki iliyopita, lakini nilikuwa nikibeba magunia na kupanga mzigo tu. Wateja walikuwa wakiingia na kumtazama Severa, nami sikuwalaumu. Severa aliniambia nisimame kwenye mizani. Nikamwambia sitasimama mpaka mteja atakapotaka.

Leo asubuhi Candida alikuja. Duka lilikuwa limejaa. Severa alikuwa amekwisha shika kikopo cha kuchotea. Candida akamwambia akiweke chini. "Leo nataka anipimie Baba Brightness," akasema, kwa sauti yake ile ile ya siku ile, kila mtu akageuka.

Nikaja mbele. Nikajaza sahani, nikaanza kupunguza kama nilivyofundishwa. Namba ilipofika nikanyanyua, na Severa akanifungulia mdomo wa mfuko.

Ni mimi,
Gaudens Massawe